Jibu ni la Aliyeuliza

Bi Mwantumu Shekalaghe, mpishi wa shule ya msingi huko Korogwe, alifikaje nchi ya Fukuto? Mwulize mwenyewe, maana kila akihadithia anabadilisha njia. Leo atasema alipita msituni, kesho atasema alisinzia kwenye benchi la kliniki akisubiri kuitwa. Sisi tuliomsikiliza mara nyingi tumeacha kubishana naye. Yaliyomkuta huko ndiyo hayabadiliki hata kidogo, na ndiyo tunayoyaeleza.

Kwanza mmjue ni mama wa namna gani. Kwa miaka ishirini amekuwa akimeza kidonge chake cha kufubaza virusi vya UKIMWI, kila asubuhi saa moja, pamoja na chai ya rangi, na hamfichi mtu. Kliniki wamempa jina la Bi Ngapi. Wenzake wakishatolewa damu ya kupima wingi wa virusi hushusha mikono ya magauni na kwenda zao. Yeye hubaki palepale kitini na kuuliza, "Na ile ya mwisho ilitoka ngapi?" Akiambiwa virusi vyake ni vichache mno hata kipimo hakivioni, hutoka akicheka peke yake barabarani. Ana sauti iliyozoea kuita watoto mia sita kwenye uji, na subira yake ni haba.

Alifika Fukuto siku ya Sikukuu ya Kipimo.

Watu wengi wa nchi hiyo wanaishi na kaa la moto chini ya mbavu za kushoto. Lilitoka wapi, kila ukoo una maelezo yake ya kuusingizia ukoo mwingine. Kaa hilo likiachwa hutoa cheche. Cheche zikizidi humla mwenyewe polepole, na huweza kumrukia aliye karibu naye, awe mume, mke au mtoto anayenyonya. Lakini dawa ipo. Upande wa mashariki wa mji pana mti ambao maji ya gome lake, kikombe kimoja kila siku, huzituliza cheche mpaka kaa likalala. Kuzimika halizimiki, ila kaa lililolala halimuunguzi mwenyewe wala mwenziwe.

Na mara moja kwa mwaka watu wazima wote hupimwa. Bi Mwantumu alikuta uwanja umejaa. Ngoma zilikuwa zinalia, wanawake wamevaa nguo mpya, wanaume wamenyoa, na mafundi wa kipimo wamekaa safu nzima, kila mmoja na mwanzi wake mrefu. Fundi huuegemeza mwanzi ubavuni mwa mtu, akatega sikio, akageuza kibuyu cha mchanga, akahesabu cheche zinazolia mpaka mchanga uishe. Kisha huandika kwenye karatasi, huikunja mara nne, huipiga lakiri. Hakuna kusukumana, hakuna "mashine imeharibika, rudi wiki ijayo". Bi Mwantumu alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Jamani, wenzetu wametuzidi!" alisema kwa sauti. "Nchi nzima kwa siku moja!"

Aliyekuwa mbele yake kwenye mstari aligeuka akacheka. Ni mwanamke wa miaka kama thelathini, mashavu yake yanang'aa kwa afya, na tumbo la miezi minne linaanza kuonekana. Alikuwa msusi wa majamvi, jina lake Tegemea. Alipimwa, karatasi ikakunjwa, akaondoka akichezesha mabega kwa ngoma. Bi Mwantumu akamdaka mkono.

"Ngapi?"

"Ngapi nini, mama?"

"Cheche. Zimetoka ngapi?"

Tegemea alimtazama kama aliyeulizwa uzito wa mwezi. "Hilo mimi nitalijuaje? Mimi nimepimwa tu."

Siku hiyo Bi Mwantumu alipata mwenyeji, maana Tegemea alimchukua nyumbani akampa wali, na maswali yakaanza kabla sahani hazijaondolewa. Ndivyo alivyoielewa Sheria ya Kipimo. Ilikuwa fupi: Jibu ni la aliyeuliza. Na kwa kuwa aliyeuliza ni Idara ya Kipimo, majibu yote ni ya Idara. Mtu aliyetoa ubavu wake hana sehemu humo, kama vile ng'ombe hana sehemu katika maziwa.

"Sasa mtu anajuaje kama kikombe chake kinamfaa?"

"Mgawa vikombe anakutazama mashavu," alisema Tegemea. "Mimi kila mwezi ananiambia nang'aa."

Mumewe Tegemea, Mfaume, mtu wa maneno machache, aliinuka akatoka nje. Tegemea alingoja hatua zake ziishe.

"Mtoto atachukuliwa, mama," alisema. "Ndiyo maana hapendi kukaa kwenye mazungumzo haya. Mtoto wa mwenye kaa hupelekwa Nyumba ya Baridi, nyuma ya ukuta, siku ya saba, na hatoki tena. Wa kwanza alikuwa wa kike. Sasa ana miaka sita. Kila sikukuu tunasimama huku, wao kule, tunaitana. Namjua kwa sauti tu."

Bi Mwantumu anasema hapo aliisogeza sahani mbali. Yeye mwenyewe alimzaa kitindamimba wake akiwa kwenye dawa, akamnyonyesha, na leo kijana ni fundi baiskeli mwenye afya na kiburi. Alinawa mikono bila kumaliza kula, akataka aonyeshwe yalipo majibu.

Jumba la Majibu lilikuwa jengo zuri kuliko yote nchini, ghorofa nne, sakafu inayoakisi uso. Mlinzi wake aliitwa Kibindo. Alikuwa mzee nadhifu, mpole, kanzu imenyooshwa, funguo kiunoni, na alimpokea mgeni kwa furaha ya mtu ambaye watu hawajawahi kumtembelea kazini. Alimzungusha ghorofa zote. Kila mkazi alikuwa na kisanduku chake cha mbao chenye jina, na ndani majibu ya kila mwaka yamepangwa kwa tarehe.

"Miaka ishirini na sita nipo hapa, Bi mgeni, tangu jumba lifunguliwe," alisema Kibindo. "Halijapotea hata moja. Mchwa haingii. Kila asubuhi tunafuta vumbi."

"Na nani anayasoma?"

"Kuyasoma?" Kibindo alishtuka kwa adabu. "Yana lakiri."

"Fundi anayahesabu, mnayakunja, mnayafuta vumbi. Halafu?"

"Halafu tunaandika ripoti. Mwaka jana tulipima watu tisini na wanane katika kila mia. Baraza lilisimama likapiga makofi."

"Na katika hao waliopimwa, wangapi kaa limelala?"

Kibindo alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Swali hilo halimo kwenye ripoti," alisema.

Bi Mwantumu aliomba asomewe pia sheria ya ukuta unaotenga watoto. Kibindo aliijua kwa moyo: mtoto wa kila mwenye kaa apelekwe Nyumba ya Baridi, isipokuwa wa mama ambaye kaa lake halisikiki kwenye mwanzi.

"Rudia hapo! Isipokuwa nani?"

Akarudia. Tangu sheria itungwe, alieleza, mama wa namna hiyo hajajulikana hata mmoja. Na hangeweza kujulikana, kwa sababu majibu ni ya Idara. Alilisema jambo hilo kwa utulivu, na Bi Mwantumu akamtazama usoni kutafuta kama anatania. Hakuwa anatania. Ndipo moyo wake ukaanza kwenda mbio, si kwa hasira tu bali kwa furaha, maana alikuwa ameona mlango.

Kesho yake walifika mbele ya Baraza, yeye, Tegemea na Mfaume, kuomba watu wajulishwe majibu yao. Mwenyekiti, Bi Kidawa, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, anayependa mambo yaende kwa utaratibu. Wajumbe walisema mengi. Mmoja alisema watu wakijua wana cheche nyingi watalia, na Baraza halina bajeti ya vilio. Mwingine alisema wakijua hawana watatupa vikombe, kaa liamke. Wa tatu alitaka kwanza iundwe kamati ya kuchunguza maana ya neno kujua. Bi Mwantumu aliketi mguu ukimcheza, mpaka alipopewa nafasi.

"Waheshimiwa, mimi sikuja kubadilisha sheria yenu. Sheria yenu naipenda! Jibu ni la aliyeuliza. Sawasawa. Imeandikwa popote kwamba anayeuliza lazima awe Idara?"

Kurasa zilifunuliwa. Makarani waliitwa. Haikuandikwa popote. Mambo yalikuwa yamekwenda hivyo tu, kwa sababu tangu mwanzo hajatokea mtu mwingine wa kuuliza.

"Basi uliza, mwanangu," alisema Bi Mwantumu.

Tegemea alisimama. Alishika ukingo wa meza ya karani. Katika maisha yake yote alikuwa ametoa ubavu mara kumi na tatu na hajatoa swali hata mara moja.

"Nina cheche ngapi?" alisema.

Bi Kidawa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hilo ni swali," alisema mwishowe. "Sioni namna nyingine ya kuliita. Mlinzi, lete kisanduku, na fundi wa kipimo aje asome."

Kibindo alikileta kwa mikono miwili. Lakiri zilikatika kwa mlio mdogo, mmoja baada ya mwingine, na fundi akasoma. Miaka ya mwanzo: cheche tano, nne, hakuna kilichosikika. Kisha miaka mitatu iliyopita: thelathini. Mwaka uliofuata: tisini. Mwaka jana na mwaka huu: mia mbili na arobaini.

Mfaume alifunika uso. Mjumbe aliyehofia vilio alisema, "Si niliwaambia?" Na mwingine, kwa ile sauti tunayoijua sote hata huku kwetu, akamwuliza Tegemea: "Ulikuwa unamwaga kikombe, siyo?"

"Simwagi!" Tegemea alijibu, na machozi yakamtoka. "Kila siku nakunywa. Hata siku niliyofiwa na mama nilikunywa."

Mwulizeni Bi Mwantumu alichofanya wakati huo. Alipiga kigelegele. Watu waligeuka wakidhani mgeni amerukwa na akili. Lakini ndivyo alivyo, akiona kitu kimefichuka damu humchemka kwa furaha kabla hajakumbuka adabu.

"Nisameheni, nisamehe na wewe mwanangu," alisema. "Silifurahii kaa. Nafurahi kwamba sasa tunajua! Miaka mitatu mashavu yanang'aa na kaa linawaka, mnamsifia. Leo ndiyo mara ya kwanza mnaona. Nawauliza jambo jingine: kaa likiuzoea mti, mnafanyaje?"

Fundi wa kipimo akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba upo mti wa pili, upande wa magharibi. Wazee waliupanda kwa ajili ya watu ambao kaa lao limeuzoea wa kwanza.

"Na wangapi wanakunywa wa pili?"

"Hakuna," alisema fundi. "Hatujawahi kujua nani apelekwe."

Walikwenda siku hiyohiyo, Tegemea, Mfaume na Bi Mwantumu. Mgawa vikombe wa mti wa pili aliitwa Chanzi. Alikuwa ameajiriwa miaka kumi na miwili, ana mshahara na kofia ya kazi, na hajapata mgonjwa hata mmoja. Kwa upweke alikuwa anafagia uwanja mara tatu kwa siku na kuvipa vikombe majina. Alipowaona watu watatu wanaingia getini alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mmepotea njia?" aliuliza.

"Hatujapotea. Nimekuja kunywa," alisema Tegemea.

Chanzi alijaza kikombe cha kwanza akakimwaga chote miguuni mwake kwa haraka. Cha pili alikishika kwa mikono miwili. Alimsimamia Tegemea akinywa, midomo yake mwenyewe ikimeza pamoja naye, na alipomaliza alimwambia maneno ambayo bila shaka aliyafanyia mazoezi miaka yote hiyo.

"Kila siku, saa ileile, dada. Ukipata kichefuchefu wiki ya kwanza usiache, njoo uniambie. Na mwezi wa tatu upimwe tena. Mimi mashavu siyatazami."

Hapo pakatokea shida nyingine, maana sikukuu ni mara moja kwa mwaka, na miezi mitatu si mwaka. Bi Kidawa alitafuta kwenye kitabu chake siku nzima. Akatoa uamuzi kwamba swali likiulizwa halina budi kujibiwa, na swali haliwezi kungoja ngoma. Habari zikatoka. Asubuhi iliyofuata mlangoni pa Jumba la Majibu palikuwa na mtu mmoja mwenye swali. Kesho yake walikuwa arobaini. Wiki ilipoisha mstari ulizunguka jengo. Bi Mwantumu alikuwa katikati yao akipanga watu kama anavyopanga watoto kwenye uji, akimwambia kila mmoja: ukiambiwa kaa limelala usitupe kikombe, kikombe ndicho kilicholilaza, ukiambiwa linawaka usijifiche, uliza sasa tufanyeje. Wengine walitoka wakiimba. Wengine walitoka kimya wakachukua njia ya magharibi, na Chanzi hakufagia tena mara tatu, hakuwa na nafasi.

Mwezi wa tatu ulipotimia Tegemea alilala kwenye mkeka wa kipimo, tumbo limekuwa kubwa. Hapakuwa na ngoma. Fundi aliegemeza mwanzi, akageuza kibuyu. Mchanga ulishuka. Fundi alibadilisha sikio. Mchanga ukaisha, akageuza tena kwa hiari yake, na watu wote chumbani walikuwa wameacha kuvuta pumzi ili wasimpotoshe.

"Sisikii kitu," alisema fundi. "Nasikia mtoto anapiga teke tu."

Mfaume, mtu wa maneno machache, alipiga yowe lililosikika mpaka sokoni. Tegemea alimshika fundi kichwa akamrudisha ubavuni, asikilize tena, na tena.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Siku ya saba wapokezi wa Nyumba ya Baridi walikuja na kikapu chao chenye pamba, kama ilivyo desturi, na Tegemea akawapa karatasi badala ya mtoto. Waliisoma, wakairudia, wakaulizana. Kisha wakarudi na kikapu kitupu, na mmoja wao, mama mtu mzima, alionekana akikichezesha kikapu kile mkononi njia nzima.

Jioni ya siku hiyo Bi Mwantumu alipita Jumba la Majibu kuaga. Mstari ulikuwa umekwisha. Alimkuta Mzee Kibindo amekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya kwanza, na magotini kwake visanduku viwili. Hakusimama kumpokea, jambo lisilo la kawaida yake.

"Bi mgeni," alisema, "nimefungulia watu elfu mbili mia tatu. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nimo humu."

"Umeshauliza?"

"Namwuliza nani? Mlinzi ni mimi." Alicheka kidogo, kisha akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayefuata utaratibu hadi mwisho: "Mimi Kibindo, nina cheche ngapi? Na marehemu mke wangu Nambua, alikuwa na ngapi?"

Alikuwa ameleta majibu ya wote wawili. Alimkabidhi Bi Mwantumu karatasi zote, naye akazivunja lakiri. Akasoma la mwaka wa kwanza: hakuna kilichosikika. La mwaka wa pili: hakuna kilichosikika. Akaendelea, karatasi zikajaa ngazini. Ishirini na sita za Kibindo, kumi na tisa za Nambua, na zote zilisema vilevile. Ilipofika ya kumi Bi Mwantumu, kwa mara ya kwanza tangu afike Fukuto, alitamani asiwe yeye anayesoma.

"Tuna binti," alisema Kibindo. "Alichukuliwa siku ya saba. Nilimfunga mwenyewe kwenye kikapu, nikahakikisha pamba inatosha. Nambua alilia, nikamwambia sheria ni sheria. Ana miaka ishirini na mitatu." Alizikusanya zile karatasi akaziweka kifuani. "Jibu lilikuwa ghorofa ya pili. Nililifuta vumbi kila asubuhi."

Bi Mwantumu alikaa kwenye ngazi kando yake. Hawakukaa sana. Mzee alisimama ghafla, akavua viatu ili visimcheleweshe, akashuka ngazi na kukata uwanja kuelekea ukutani. Alianza kwa kutembea. Alipofika sokoni alikuwa anakimbia, kanzu ameikunja kiunoni, karatasi mkononi, na watu waliomwona Mlinzi wa Majibu akikimbia waliacha walichokuwa wakifanya wakamfuata. Tegemea alitoka mlangoni kwake na mtoto mgongoni, Mfaume nyuma yake, maana nao walikuwa na wa miaka sita kule ndani.

Bi Mwantumu alibaki wa mwisho. Aligeuka kulitazama lile jumba zuri. Mlango ulikuwa wazi, na funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye kitasa. Akazisikia sauti za watu waliofika ukutani, na juu ya zote sauti ya Mzee Kibindo. Hakuwa anasalimia kama watu wanavyosalimia siku ya sikukuu. Alikuwa anapiga lango kwa ngumi na kuita jina la binti yake, na kutoka upande wa pili mtu akaitika.